Mapigo ya Macho: Kwa Nini Michoro Yenye Mwendo Hupendeza

Mtoto aliyetumwa dukani husimama njiani kuwatazama wanawake wawili wakitwanga kwa zamu katika kinu kimoja. Mchi mmoja wapanda, wa pili washuka. Naye habanduki, ingawa hakuna jipya analoliona. Kinachomnasa hapo ndicho kimnasacho mbele ya sinema ya katuni, na yafaa sisi walimu tulielewe jambo hilo kabla ya kutengeneza zana zetu za kufundishia.

Jicho halipokei mwendo tu, bali huubashiri. Baada ya mapigo mawili matatu ubongo wajua mchi utakuwa wapi, na kila ubashiri unaotimia huleta raha ndogo. Mwili nao hushiriki: tumtazame mtoto angojaye zamu ya kuingia katika kamba ya kuruka, jinsi kichwa kinavyoifuata kamba kabla miguu haijaondoka.

Katika filamu ya katuni hakuna kitu kinachotembea. Kwa kawaida sinema huonyesha picha tuli 24 kwa sekunde, na mara nyingi wachoraji huchora 12 tu, kila mchoro ukipigwa picha mara mbili. Mwaka 1912 Max Wertheimer, mwanasaikolojia, alieleza jinsi vitu viwili tuli, vikionyeshwa kwa kufuatana upesi, vionekanavyo kama kimoja kinachosogea. Mwaka 1973 Gunnar Johansson wa Sweden alionyesha kuwa taa chache zilizofungwa kwenye viungo vya mtu atembeaye gizani zatosha kumtambulisha kuwa ni mtu. Sura haikuonekana, mwendo ulitosha. Mwalimu asiyejaliwa kuchora (nasi tu wengi) na apate faraja.

Basi kazi kubwa imo katika nafasi iliyopo kati ya mchoro na mchoro. Tuchukue daftari la kurasa 48, yaani karatasi 24, tuchore mpira katika pembe ya kila karatasi. Kitu kiangukacho huzidi kasi. Kwa hiyo kutoka juu tuushushe mpira nusu sentimeta, kisha moja na nusu, kisha mbili na nusu, ndipo ugonge chini. Tuupandishe kwa vipimo hivyo hivyo kinyume. Kila pigo latumia karatasi sita. Katika daftari la pili tuushushe sentimeta moja na nusu kila mara. Watoto wayafyatue yote mawili kwa kidole gumba kabla hatujawaeleza lolote. Mpira wa kwanza utaonekana una uzito. Wa pili utafanana na kitu kivutwacho kwa uzi, hata ukiwa umechorwa vizuri zaidi.

Hata hivyo, pigo lisilobadilika kamwe huchosha. Wachoraji stadi huliarifu jicho, kisha hulingojesha: mtu hujikunja kwanza, ndipo aruke. Katika daftari la tatu, baada ya mapigo matatu, tuuache mpira utulie juu kwa karatasi tatu nzima, kisha tuuangushe. Utagonga chini katika karatasi ya 24, na darasa litacheka.