Kabla ya kulipa nyumba Kisangani, tazama maji yake

Ndugu mtumikaji, na wewe mama unayelinda nyumba,

Kila mwaka, masomo yakikaribia kuanza, watumikaji wengi wanafika kwenye dispansere kutafuta kadi za chanjo za watoto. Wanahamisha jamaa kwenda Kisangani. Mmoja anataka mtoto wake aingie iniversite. Mwingine anakaribia pensheni na anatafuta kiwanja cha kujenga. Mwingine atabaki hapa kazini, bibi na watoto watatangulia. Na karibu wote wanauliza swali moja: «Komini gani ni nzuri?»

Swali hilo halina ubaya, lakini halitoshi. Katika kila komini ya Kisangani kuna mahali pa afya na mahali pa ugonjwa. Nyumba mbili zinaweza kusimama kwenye avenyu moja: moja ni kavu, nyingine inaingiwa na maji mpaka chini ya kitanda. Kwa hiyo tunakuomba uongeze maswali matatu. Maji ya kunywa yanatoka wapi? Maji ya mvua yanakwenda wapi? Na usiku, mgonjwa atapita njia gani?

MJI WENYEWE

Kisangani ulianza mwaka 1883, Stanley alipoacha kituo karibu na maporomoko ya mto. Uliitwa Stanleyville mpaka mwaka 1966. Leo ni mji mkuu wa jimbo la Tshopo, na watu wake wamepita milioni moja.

Mji una komini sita: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga. Tano ziko upande wa kuume wa mto Kongo. Lubunga peke yake iko ng'ambo, upande wa kushoto, pale reli ya kwenda Ubundu inapoanzia. Kaskazini kuna mto Tshopo, wenye daraja na bwawa la umeme. Lakini daraja la kuvuka mto Kongo hakuna. Anayekaa Lubunga anavuka kwa mtumbwi au kwa chombo cha mashine.

Makiso ni katikati ya mji: ofisi, benki, bandari na kanisa kuu. Katika komini ya Kisangani, kwenye maporomoko, utakuta Wagenya na mitego yao ya samaki. Zaidi ya hapo mji unaendelea kutanuka kando ya barabara, na watu wanahesabu kwa kilomita. Uwanja wa ndege wa Bangoka, kwa mfano, uko kilomita 17 kwenye barabara ya Ituri. Basi mtu akikuambia «nyumba iko Kisangani», bado hajakuambia kitu. Muulize: iko kilomita ngapi, upande gani wa mto, na juu au bondeni?

PICHA YA SIMU HAIONYESHI MAJI

Siku hizi ndugu anapiga picha ya nyumba kwa simu na kuituma. Mtumikaji anaona mabati mapya na rangi safi ukutani, anatuma garanti ya miezi mingi siku ileile. Picha inaonyesha ukuta. Haionyeshi kisima, wala choo, wala mfereji ulioziba nyuma ya nyumba.

Mtumikaji mmoja wa kazi ya kuchoronga miamba alipata nyumba hivyo. Ilikuwa nzuri na ya bei ndogo, lakini ilikuwa bondeni, karibu na mashimo ambamo watu walifinyanga matofali. Mashimo yalijaa maji ya mvua. Katika miezi minne watoto wake watatu waliugua malaria mara kwa mara, na yule mdogo, wa miaka miwili, aliishiwa damu mpaka akaongezewa hospitalini. Baba aliacha kazi siku nyingi, akakopa kwa wenzake. Kisha jamaa ilihamia nyumba nyingine, yenye ukuta wa zamani, katika komini ileile, lakini juu kwenye mwinuko. Kodi ilipanda kidogo. Homa hazikwisha kabisa, maana Kisangani malaria ipo mahali pote, lakini zilipungua sana, na mtoto alianza kunenepa. Hesabu franka zote za dawa, safari na madeni, halafu useme nyumba ipi ilikuwa ya bei ndogo.

SWALI LA KWANZA: MAJI YA KUNYWA

Mabomba ya REGIDESO hayafiki katika kila nyumba, na bomba likiwepo si lazima litoe maji kila siku. Usiridhike kuona bomba. Lifungue. Kisha uliza jirani: maji yanakuja siku ngapi katika juma, na yasipokuja mnachota wapi?

Kama ni kisima, kitazame kwa macho yako. Kiwe na ukingo wa simenti, kifuniko, na ndoo moja ya kuchotea isiyolala chini. Choo kiwe mbali, mita 30 hivi, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Choo kikiwa juu ya kisima, uchafu unapita udongoni na kurudi mezani kwako. Tazama pia choo cha jirani, maana maji ya chini ya udongo hayajui mpaka wa kiwanja.

Hili si jambo la kuchezea. Mwaka 2011 kipindupindu kilizuka Kisangani, kikashuka pamoja na mto mpaka Kinshasa. Tifoidi na kuhara vinapita njia ileile. Maji ya kisima au ya chemchemi yachemshe mpaka yatokote vizuri, au uyatie dawa ya klorini kama ilivyoandikwa juu ya chupa. Yahifadhi katika chombo chenye kifuniko.

SWALI LA PILI: MAJI YA MVUA

Kisangani iko karibu sana na mstari wa ikweta. Hakuna kiangazi kirefu kama kule Katanga. Mvua inanyesha mwaka mzima, kwa wastani zaidi ya milimita 1 500. Maana yake, kila mita ya mraba ya uwanja wako inapokea zaidi ya lita 1 500 za maji kwa mwaka. Maji hayo lazima yaende mahali. Yasipokwenda mferejini, yatakaa mlangoni.

Mbu wa malaria anapenda vidimbwi vya maji yaliyotulia, penye jua: mashimo ya matofali, alama za magurudumu, mitaro iliyozibwa. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni muda wa juma moja au mawili tu. Kwa hiyo nenda ukatazame nyumba asubuhi baada ya mvua kubwa, si siku ya jua. Tazama ukuta chini: kama kuna mstari wa matope, maji yalifika hapo. Tazama miguu ya vitanda na makabati ya majirani. Ukiona yamepandishwa juu ya matofali, umekwisha kupata jibu.

Anayetoka kwenye migodi ya milimani, kwenye baridi, aangalie zaidi. Watoto wake hawajazoea malaria ya bondeni, na miezi ya kwanza ndiyo ya hatari kwao.

SWALI LA TATU: NJIA YA USIKU

Mtoto hachagui saa ya kuugua. Malaria kali inaweza kumwua mtoto mdogo kabla ya siku moja kwisha. Kwa hiyo pima njia ya kwenda kwa mganga kwa saa, si kwa kilomita.

Mjini kuna zone za afya tano: Makiso-Kisangani, Kabondo, Mangobo, Tshopo na Lubunga. Kabla ya kulipa, tembea kwa miguu toka mlango wa nyumba mpaka kituo cha afya kilicho karibu. Uliza: usiku kuna muuguzi? Vipimo vya malaria vipo? Kama mtoto anahitaji damu, anapelekwa wapi? Mchana utapata pikipiki au baiskeli ya toleka kwa urahisi. Lakini saa nane za usiku, mvua ikinyesha na barabara ikiwa tope, nani atakubeba?

Wengine wanapenda Lubunga kwa kuwa mashamba yako karibu. Hatusemi ni mahali pabaya. Watu wengi wanaishi huko vizuri. Tunasema hivi: kama unamtegemea mganga wa Makiso, kumbuka kwamba mto uko katikati, na usiku kuvuka ni shida. Basi jua kwanza hospitali ya upande wako inaweza kufanya nini. Na mama mwenye mimba, mwezi wa mwisho ukifika, asingojee uchungu ndipo atafute mtumbwi.

KWA ANAYENUNUA KIWANJA

Anayepanga akikosea, anahama. Anayenunua akikosea, amezika akiba ya miaka 20. Usinunue kwa neno la komisionere peke yake. Ongea na shefu wa kartiye na majirani wa pande zote, uliza nani alikuwa na ardhi hiyo zamani, kisha hakikisha karatasi kwenye ofisi ya ardhi. Ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, ulioanza kuleta mapigano upande wa Lubunga mwaka 2023, umefukuza watu wengi katika nyumba zao. Waliokimbia waliacha vitanda, mashamba na kadi za watoto.

Neno moja zaidi kwa mwenye kuchimba msingi. Toka tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana kwa mizinga ndani ya mji, na mabomu mengine yalibaki udongoni bila kulipuka. Ninyi watu wa mgodi mnajua baruti. Mkiona chuma cha namna hiyo, msikiguse, msikipige kwa jembe. Wekeni alama, fukuzeni watoto, iteni wakubwa wa usalama.

JUMA LA KWANZA KATIKA NYUMBA MPYA

Mama, vitu vikisha kushushwa, fanya haya:

1. Funga vyandarua vyenye dawa siku ileile, kabla ya kupanga viti. Wote walale ndani, watoto wadogo na mwenye mimba kwanza.

2. Mwaga maji ya makopo, matairi na ndoo mbovu. Rudia kila juma. Fukia vidimbwi, zibua mfereji.

3. Peleka kadi za chanjo kwenye kituo cha afya, ili watoto waandikwe. Chanjo iliyoanza hapa iendelee huko.

4. Andika ukutani nambari za simu za kituo cha afya, za mwenye pikipiki unayemwamini, na za jirani mmoja.

5. Mtoto akipata homa, mpeleke apimwe siku hiyohiyo. Akishikwa na degedege, akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipumua kwa shida, akiwa mweupe viganjani au akilala bila kuamka vizuri, usingoje asubuhi.

6. Akihara, mpe maji yenye chumvi na sukari njiani: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha.

Nawe baba unayebaki kazini, usimwachie ndugu yako mzigo wote wa kuchagua. Omba ruhusa ya siku chache, mwende pamoja na bibi, maana yeye ndiye atakayechota maji na kukesha na mtoto. Kama yeye anaikataa nyumba, msikilize. Ukuta mbaya utaupaka chokaa, mlango mbovu utautengeneza, bati linalovuja utalibadilisha. Bonde hutaliinua, na mto hutausogeza. Chagua kwanza mahali, kisha uchague nyumba.