Maembe kwa Matembele

Desemba ikifika, maembe ya Nyegezi, Mwanza, hukosa mlaji. Yanaanguka usiku, asubuhi yanafagiliwa pamoja na majani, kisha mama mwenye mwembe anakwenda gengeni kununua fungu la mchicha. Nyumba ya tatu kutoka kwake matembele yamestawi hadi yanaziba njia, na watoto wa nyumba hiyo wanayatolea macho maembe ya watu.

Desturi ya kupelekeana ipo. Mtoto hutumwa kwa jirani na bakuli la mapera, na bakuli halirudi tupu. Lakini bakuli hilo huenda kwa anayefahamika tu, na Nyegezi ina wageni wengi: wapangaji, wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT, watu walioletwa na biashara za stendi ya mabasi. Ili nao wawemo, inafaa iwepo siku moja na mahali pamoja pa kubadilishana.

Kaya tano au sita zinatosha kuanzia. Mwenyekiti wa mtaa apewe taarifa, kisha watu wakutane chini ya mti Jumamosi jioni, kila baada ya wiki mbili. Siku moja kabla, kila mmoja aandike kwenye kundi la WhatsApp atakacholeta. Bila hivyo wote watakuja na ndoo za maembe! Asiye na shamba asijione hana la kuleta. Hata kwenye miamba ya Mwanza kiroba cha udongo na samadi kinakaa mlangoni, na mchicha huvunwa baada ya wiki tatu hadi nne.

Vipimo ni vilevile vya sokoni: mboga kwa fungu, viazi kwa sado. Bei ya gengeni ya wiki hiyo itaonyesha maembe mangapi yanalingana na fungu moja.

Ugumu uko hapa: mwenye papai anataka bamia, mwenye bamia hataki papai. Mwaka 2013, wafanyabiashara wadogo wa mtaa wa Bangladesh, Mombasa, walilikabili jambo hilo kwa vocha za karatasi walizoziita Bangla-Pesa. Mtu aliuza bidhaa kwa vocha, kisha akainunulia kitu kwa mwanachama mwingine. Waanzilishi walikamatwa kwa madai ya kughushi fedha, na mashtaka yakafutwa baadaye mwaka huohuo. Majirani wa Nyegezi wasichapishe chochote kinachofanana na noti. Daftari linatosha: mwenye papai anaandikiwa mafungu mawili, atayachukua bamia zikikomaa.

Kubadilishana kunausaidia pia mwembe wenyewe. Yupo nzi wa matunda aliyetoka Asia, ambaye katika Afrika alionekana kwanza Kenya mwaka 2003. Jike hutoboa ganda na kutaga ndani, funza wakikomaa huingia ardhini, na hapo hutoka nzi wapya. Tunda linaloachwa kuoza chini ya mti ndilo kitalu chao. Kwa hiyo maembe yachumwe mapema na kugawanywa, na yaliyoanguka na funza yafukiwe kwenye shimo refu, yasiletwe kabisa.

Uangalifu mkubwa zaidi uwe kwenye mbegu za kupanda, kama nazo zitabadilishwa. Jani la kisamvu linaishia chunguni, lakini pingili ya muhogo yenye batobato au michirizi ya kahawia hupeleka ugonjwa shamba la jirani, kama chipukizi la mgomba linavyobeba mnyauko. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, Misungwi, kimeshughulikia muhogo na viazi vitamu kwa miaka mingi, na ni karibu kwa anayetaka ushauri.

Viazi vitamu, hasa, vinaweza kubeba mpango huu mwaka mzima. Matembele hukatwa na kuchipua tena. Viazi vyenyewe Wasukuma huvikata vipande na kuvianika juu ya miamba vikawa michembe, au huvichemsha kwanza vikawa matobolwa. Julai, bustani za mlimani zikikauka, jirani wa Luchelele anayemwagilia kwa maji ya ziwa ataleta sukuma wiki, na wa mlimani atampimia michembe kwa sado.