"SINA LA KUANDIKA"

Mimi ndimi mhariri wa gazeti letu la ukutani, lile linalobandikwa kila Jumatatu kando ya mlango wa bwalo. Kazi yangu ni kama ya mtoza ushuru: kila Jumamosi nazunguka madarasani na mabwenini nikidai makala. Jibu ninalopewa ni moja tu, "Mhariri, sina la kuandika." Mwingine huniambia, "Ngoja kesho, bana." Kesho hiyo ina kesho yake. Muhula wa pili ubao ulikaa mtupu Jumatatu mbili mfululizo, na chama kingine (sikitaji) kikaenda mbio kwa naibu wa mwalimu mkuu kuuomba. Ukikaa mtupu mara ya tatu, basi tumeupoteza. Ndiyo maana nimeonelea nieleze ugonjwa huu ni upi na unatibiwaje.

Kwanza tusisingizie uvivu. Wanaonichelewesha zaidi ni wale wale wanaopata alama za juu katika insha, watu wanaofua nguo zao kila Jumamosi na kufagia bweni bila kusukumwa. Mwenye alama za juu ana jina la kulinda. Huketi, huandika sentensi moja, huisoma, huiona haifanani na zile za vitabuni, kisha huikata. Huandika nyingine, nayo huikata. Mwishowe huchana karatasi. Waama, anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, ya mwandishi na ya msahihishaji. Mwandishi hajamaliza kutamka na tayari mwenzake kampiga kalamu nyekundu. Nani atasema kitu katika hali hiyo?

Hapo ndipo kuahirisha kunapoingia. Akiifunga ile daftari moyo hutulia papo hapo. Utulivu huo ni mtamu, na kesho akiiona tena daftari anakumbuka namna ya kuupata. Kumbe aliyekuwa akimkwepa si mhariri, ni ile sentensi ya kwanza.

Sisi wa Kiswahili tumejiongezea mzigo mwingine. Tangu shule ya msingi tumekariri mianzo: jua likichomoza kwa madaha, ndege wakitumbuiza matawini, umande uking'aa nyasini. Mtu anataka kuandika juu ya mabomba yaliyokauka, lakini anasaka kwanza methali nzito na tashbihi tatu. Asipozipata anasema hana la kuandika, ilhali la kuandika analo, ndoo tupu i mkononi mwake! Msamiati ni pambo. Pambo huvishwa bibi harusi aliyekwisha kufika.

Sasa tazameni jambo moja ambalo limenishangaza. Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya kwanza ya Kiswahili inadai insha mbili za maneno 400 hivi kila moja, kwa muda wa saa moja na dakika 45. Sijapata kuona mtu akiinua mkono katika mtihani na kumwambia msimamizi kuwa hana la kuandika. Tunaandika tu, hata aliye na homa. Kwa nini? Kwa sababu mada imetolewa, saa inakwenda, na hakuna nafasi ya kungoja sentensi nzuri. Uhuru wa Jumamosi nzima ndio unaotumaliza. Basi dawa ni kujitungia kamtihani kadogo: mada moja, muda mfupi, na kusahihisha baadaye.

Si uzushi wangu. Anthony Trollope wa Uingereza, aliyefariki mwaka 1882, alikuwa mtumishi wa Posta kwa zaidi ya miaka 30 na bado akaandika riwaya 47. Alikuwa mezani saa kumi na moja unusu alfajiri, na alimlipa mtumishi wake pauni 5 zaidi kwa mwaka ili amwamshe. (Sisi twaamshwa saa hiyo bure, kwa kengele.) Nusu saa ya kwanza alisoma aliyoyaandika jana yake. Kisha aliweka saa mbele yake akijidai maneno 250 kila robo saa. Sisi tunaojaribu kwa kalamu na daftari ya rafu, maneno 100 kwa robo saa yatosha. Robo saa nne ni insha nzima. Ibeni robo saa moja tu baada ya chakula cha jioni, siku nne, na Jumamosi mtanikuta nikicheka.

Wapo pia wanaolia kwamba mahali hapafai: darasa lina kelele, kalamu imeisha wino. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijikaratasi chake cha kuihoji serikali, akakaa gerezani miaka mitatu. Humo aliandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Nikikumbuka hayo, habari ya wino huniingia sikio hili ikatokea lile.

Kuhusu mada, ipunguzeni mpaka iingie mfukoni. Mwenzetu mmoja wa kidato cha pili alitaka kuandika juu ya ufisadi nchini. Wiki mbili hakupata hata aya. Nikamwuliza, "Wewe mwenyewe umeuona wapi?" Akafikiri, akasema, "Kwenye foleni ya githeri. Wakubwa wanaingilia mbele, na anayepakua anajifanya haoni." Nikamwambia aandike hayo hayo alivyonieleza, kwa lugha ile ile, wala asitafute methali. Alimaliza kabla ya kengele ya kulala. Jumatatu watu walisoma wakisukumana, na viranja wawili walinuna wiki nzima.

Hila ya mwisho ni ya Ernest Hemingway, Mmarekani. Yeye alisimamisha kazi ya siku akiwa bado anajua kitakachofuata. Wengi wetu huandika hadi akili ikauke, na kesho yake tunaikuta kavu vile vile. Kengele ikilia ukiwa katikati ya sentensi, usiikimbilie nukta. Iache hapo hapo ilipo, funga daftari, nenda kalale. Kesho kazi yako ya kwanza ni kuimalizia, na ya pili itakuwa imeshaanza kuja.

Sanduku la makala liko mlangoni mwa maktaba. Nalifungua Jumamosi saa nne.