Nani analipa? Filme 5 za Dieudo Hamadi, toka ya kwanza mpaka ya mwisho

Ukiuliza kijana wa Lubumbashi akutajie filme tano zenye anapenda, atakupa za Marekani, za Nigeria, pengine na za karate. Dieudo Hamadi, mara chache sana. Na ule mutu ni wa kwetu! Alizaliwa Kisangani mu 1984, alisoma mambo ya tiba mbele ya kushika kamera, na filme zake zimefika Berlin, Paris na Cannes. Ndani yake watu wanachanga Kiswahili, Lingala na Kifaransa, sawa vile sisi tunachanga mu barabara.

Zote ni dokumantere. Anabeba kamera, anakaa karibu na watu, ananyamaza. Haweki sauti ya kukufundisha nini ya kuwaza.

Sasa, nizipange namna gani? Wenye tulisoma agronomia tunajua: huwezi kupanga mbegu za muhindi kama haujasema kwanza unapima nini. Mbegu yenye inashinda kwa mavuno inaweza kuwa ya mwisho siku mvua inakosa. Basi kipimo changu njo hiki: kila filme ya Hamadi iko na deni ndani. Kuko mutu anaombwa alipe, na kuko mwingine mwenye alipashwa kulipa, lakini hayuko. Ninaangalia kama filme inaonyesha ile deni waziwazi, na kama inawaachia watu heshima yao.

Ilianza zamani. Mu 2010 alikuwa kati ya vijana wenye walifanya "Congo en quatre actes". Yeye na Divita Wa Lusala walionyesha wamama mu maternité ya Kinshasa: wamezaa, lakini hawawezi kurudi nyumbani juu hawajalipa. Mu ile ile filme, marehemu Kiripi Katembo alipiga picha Kipushi, hapa karibu na sisi. Ile ilikuwa mafupi. Zenye kufuata njo ndefu.

1. Examen d'État (2014). Kisangani, wanafunzi wa mwaka wa sita wanafukuzwa mu masomo juu hawajalipa prime ya walimu. Wanafanya nini? Wanajipanga, wanakaa pamoja mu nyumba moja, wanasoma wao kwa wao. Wanaenda pia kwa watu wa Mungu ili wabarikiwe, na wanatafuta majibu ya kununua. Wengi wangeweka namba 2 hapa. Mi ninakataa. Mu zile zingine unaweza kunyoosha kidole: ule njo mubaya. Hapa haiwezekani. Mwalimu anadai mwanafunzi juu Serikali haimulipi vizuri, mwanafunzi anatafuta njia ya mukato juu alifukuzwa mu darasa, na mwisho wote wanangojea matokeo. Kila mutu anadai, kila mutu anadaiwa. Kuko wenye watasema hii filme inachafua diplome ya Congo. Kwangu inafanya kitu ingine: inahesabu bei yake ya kweli. Na sisi wote tuko na ile karatasi mu nyumba. Toka 2019 masomo ya bure ni kwa primaire. Mu sekondere wazazi wanaendelea kutoa, kwa hiyo filme haijazeeka.

2. En route pour le milliard (2020). Mu Juni 2000, jeshi la Rwanda na la Uganda walipigana siku sita ndani ya Kisangani. Wenye walipona, wengine bila miguu, bila mikono, wanapanda mashua, wanateremuka mutoni Congo mpaka Kinshasa kudai malipo yao. Mbele ya Bunge, mulango haufunguke. Lakini Hamadi hawaonyeshe sawa watu wa kuhurumia: wanabishana, wanaimba, wanacheza teatre. Mu 2022, Mahakama ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Congo dola milioni 325, kwa makosa yote ya ile vita, si ya Kisangani peke yake. Ukijua ile hesabu, unaona filme na macho ingine.

3. Maman Colonelle (2017). Kolonele Honorine Munyole, polisi mwenye kulinda watoto na wanamuke wenye walitendewa jeuri, anahamishwa toka Bukavu kuenda Kisangani. Kule anakuta watoto wenye walipigwa juu ya kuitwa walozi, na wamama wa ile vita ya 2000 wenye hakuna mutu aliwalipa kitu. Makuta hana, basi anaomba watu wa kawaida wachange. Mama ni mwenye nguvu, mpaka mara ingine macho yetu yanabakia kwake tu, na Serikali yenye inapashwa kulipa inasahauliwa. Juu ya ile njo ninamuweka wa tatu.

4. Atalaku (2013). Uchaguzi wa 2011, Kinshasa. Gaylor, pasta bila makuta, anauzisha sauti yake kwa mutu mwenye anatafuta kura. Utacheka sana, kisha kicheko kinakauka: mwenye kununua na mwenye kuuzisha, wote wanajua bei. Ni kazi nzuri, lakini inapita mbio.

5. Kinshasa Makambo (2018). Vijana watatu wanapigania uchaguzi, wakati muda wa Kabila ulimalizika mu Desemba 2016 na yeye akabakia. Kamera iko ndani kabisa ya mbio na moshi, inaomba roho. Ila deni hapa ni kubwa, na wale watatu hatupate wakati wa kuwajua vizuri. Ya mwisho mu liste yangu, lakini haiko mbaya.

Ukiwa na wakati, anza na namba 3 mbele ya namba 2: wamama wa Kisangani wenye unakutana nao kwa Kolonele watakusaidia kuelewa sababu gani watu walipanda ile mashua. Na namba 1, uiangalie pamoja na mudogo wako mwenye iko mu mwaka wa sita. Kisha umuulize tu: kwenu ku masomo, nani analipa, na nani alipashwa kulipa?