Bonde la Msimbazi Litazamwapo Kutoka Angani

Mfanyakazi wa Magomeni aendaye kazini Kariakoo hahitaji picha ya ndege kumwarifu kwamba Jangwani kumejaa maji. Hujua pale basi linaposimama kabla ya daraja na kondakta akatangaza kwamba safari imeishia hapo. Ndipo hesabu huanza: azunguke kwa Kigogo na Ilala, au apitie Kinondoni na Daraja la Salenda kwa nauli mara mbili, au akunje suruali na kuyaingia maji, jambo ambalo kila masika twakatazana na kila masika hutendwa. Mchukuzi wa Kariakoo hulipwa kwa mzigo aliobeba, na mama lishe hulipwa kwa sahani aliyouza. Siku ya mafuriko hao wawili hawana mshahara.

Lakini siku hizi iko njia nyingine ya kuyatazama mafuriko hayo, nayo ni ya kuyatazama kutoka juu, kwa setilaiti na kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Tumekaa na baadhi ya picha hizo mezani. Kariakoo huonekana humo kama karatasi ya daftari la hesabu: mitaa imenyooka na kukatana, Kongo, Swahili, Sikukuu, na katikati lipo soko lililojengwa katika miaka ya 1970 kwa mchoro wa Beda Amuli, likiwa na mabakuli yake makubwa ya zege juu ya paa, yaliyosanifiwa pia kuyakusanya maji ya mvua. (Laiti kila aliyejenga mjini humu angaliyafikiria maji ya mvua kama alivyoyafikiria mzee Amuli!) Ukiiacha Kariakoo na kulifuata jicho la picha upande wa Magomeni, mistari ile hupotea. Ardhi huteremka, nao mto Msimbazi hupita ukijipinda, ukitoka milima ya Pugu kuelekea baharini, na kandokando yake mapaa ya bati yamebanana hata njia haionekani.

Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa na Wamarekani mwaka 1972, na tangu hapo mtu aweza kuzipanga picha za mji wetu kwa miaka na kuona jinsi shamba na majani yalivyogeuka kuwa bati na lami. Hesabu ya watu ya 1967 ilikuta Dar es Salaam watu wapatao 270,000. Ile ya 2022 ilikuta zaidi ya milioni 5 katika mkoa mzima. Maji ambayo zamani yalinywewa na udongo wa Ukonga na Segerea leo huteleza juu ya mapaa na barabara, yakaufikia mto yote kwa mara moja, na mto wenyewe umejaa mchanga na takataka. Hiyo ndiyo sababu mvua ya saa chache yatosha kuifunga Barabara ya Morogoro.

Desemba 2011 ilishuka mvua ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema mfano wake haujaonekana tangu 1954. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, na kaya nyingi zikahamishiwa Mabwepande, mbali kabisa na kazi zao za mjini. Aprili 2018 maji yalirudi, nayo maegesho ya mabasi yaendayo haraka pale Jangwani yakazama.

Je, chombo cha angani kiliweza kutuonyesha nini siku kama hizo? Hapa yatupasa kusema kweli, maana wako wanaodhani kwamba setilaiti huona kila kitu. Ile ipigayo picha za kawaida huzuiwa na mawingu, na siku ya mafuriko ndiyo siku ya mawingu. Zipo nyingine zitumiazo rada, kama zile za Ulaya ziitwazo Sentinel-1, ya kwanza ikiwa imerushwa mwaka 2014. Hizo hutuma mawimbi yao wenyewe yanayopenya mawingu. Maji yaliyotulia huyatupa mawimbi hayo mbali kama kioo kitupavyo mwanga, kwa hiyo katika picha huonekana meusi. Basi uwanda ulio wazi huonekana vizuri. Lakini kwenye vichochoro, mawimbi hugonga maji, yakagonga ukuta, yakarudi yalikotoka, na mtaa uliofurika waweza kuonekana mweupe kama mtaa mkavu. Tena chombo hicho hupita kwa zamu ya siku kadhaa, ilhali Msimbazi hupanda na kushuka kwa muda wa saa. Kikifika, huenda kikakuta tope tu.

Ndiyo maana twaipa heshima kazi iliyoanzishwa mwaka 2015 kwa jina la Ramani Huria. Vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu cha Ardhi waliingia mitaani pamoja na wakazi. Ndege ndogo zilirushwa, zikaleta picha ambazo mfereji mmoja huonekana, hata nyumba iliyojengwa juu ya mfereji huo. Kisha watu wakatembea kwa miguu. Waliuliza: maji yalifika wapi? Mkazi hakutaja namba. Alionyesha goti, kiuno, au alama ya tope ukutani, na alama ile ikapimwa. Hakuna ndege iwezayo kuiona alama hiyo, maana iko chini ya paa.

Baadaye kazi hiyo iliwafikia wajumbe wa mashina, ili mipaka ya mashina iwekwe kwenye ramani. Wasomaji wetu wanajua mjumbe ni nani. Mfumo wa nyumba kumi kumi ulianzishwa na TANU katika miaka ya 1960, nao mjumbe, kwa mema na mabaya yake, ndiye ajuaye kwamba chini ya bati lile moja, linaloonekana angani kama nyumba moja, wamo wapangaji wa vyumba sita, bibi mmoja asiyeweza kutembea na mama mwenye mtoto mchanga.

Hilo si jambo dogo, kwa kuwa picha hukata shauri. Desemba 2015 nyumba za bondeni zilivunjwa, nyingine zikachorwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi, pamoja na daraja jipya la Jangwani. Kazi kubwa kama hiyo haiwezi kufanywa bila ramani, wala hatuipingi. Kukaa palipo na mauti si haki ya kugombania. Lakini mpangaji hana paa. Picha huhesabu paa la mwenye nyumba, na mchukuzi aliyepanga chumba bondeni ili aweze kwenda Kariakoo kwa miguu alfajiri hahesabiwi na chombo chochote kipitacho juu.

Twaomba basi picha hizo zibandikwe ukutani katika ofisi za serikali za mitaa, Jangwani, Mchikichini, Kigogo na Hananasifu, kwa ukubwa wa kutosha mtu kuweka kidole na kusema: hapa ndipo ninapolala, na maji yalifika hapa. Mjumbe awe karibu na daftari lake.