Sidney Poitier: muchezaji wa filme aliyefukuzwa juu ya kusoma vibaya

Wanafunzi wenzetu, tunajua namna inavyokuwa kwa kalasi wakati mwalimu anasema, "Simama usome," na maneno yanakatikakatika kinywani, na wengine nyuma wanaanza kucheka. Sidney Poitier alipata haya hiyo akiwa kijana mukubwa, huko New York. Wengine kati yetu wanajua sura yake kwa filme tu. Leo tunataka kusema alitoka wapi.

Alizaliwa Miami, Marekani, tarehe 20 Februari 1927, mbele ya siku zake kutimia. Wazazi wake walikuwa wakulima wa nyanya wa kisiwa cha Cat Island, katika Bahamas, na walikuwa wamevuka bahari kuuza mavuno yao. Njo maana alipata uraia wa Marekani: juu ya nyanya, tuseme hivyo. Kule kisiwani hakukuwa umeme, na masomo aliyopata yalikuwa machache sana. Alipokuwa na miaka 10 hivi walihamia Nassau, na huko aliona sinema mara ya kwanza. Ilikuwa filme ya wachunga ng'ombe. Ilipokwisha, mutoto akakimbia nyuma ya nyumba kungojea ng'ombe watoke. (Musimucheke, nani alikuwa amemufundisha?)

Akiwa na miaka 15 alitumwa Miami kwa kaka yake. Huko akakuta sheria za kutenga weusi na weupe, mambo ambayo hakuzoea. Baadaye kidogo akaenda New York, akapata kazi ya kuosha sahani. Siku moja akaona kwa gazeti tangazo la American Negro Theatre ya Harlem, walikuwa wanatafuta wachezaji. Akaenda. Wakamupa kitabu cha muchezo asome. Alisoma neno moja moja, tena kwa matamko ya visiwani. Frederick O'Neal, mumoja wa wakubwa wa pale, akamunyang'anya kitabu na kumusukuma nje, akamwambia aende kutafuta kazi ya kuosha sahani. Neno lile likamuchoma sana, juu O'Neal hakujua kama njo kazi aliyokuwa nayo!

Poitier akanunua redio, akawa anasikiliza watangazaji na kurudilia maneno yao namna walivyoyatamka. Na kule kazini, usiku sahani zikiisha, muzee mumoja Myahudi aliyekuwa anapelekaka chakula mezani akamuona anahangaika na gazeti. Akakaa naye. Usiku kwa usiku, wiki nyingi, akamwonyesha kugawanya neno kwa silabi, na kazi ya mukato na ya nukta. Kisha Poitier akapata nafasi ya kucheza, akaenda zake, wala hakurudi kumushukuru muzee yule. Katika uzee wake mwenyewe alisema jambo hilo lilimusikitisha siku zote.

Alirudi Harlem, wakamukubali akisoma na kufagia nyumba yao kama malipo. Katika filme No Way Out ya mwaka 1950 alikuwa munganga. Katika Cry, the Beloved Country, iliyotengenezwa Afrika ya Kusini, alikuwa padri. Kwa mutu mweusi wa wakati ule hayo hayakuwa mambo ya kila siku, sababu sinema ya Marekani ilizoea kuwapa weusi kazi za boyi na za kuchekesha tu.

Mara moja, mke wake akiwa na mimba na pesa hakuna, wakamupa kazi ya kucheza baba ambaye mutoto wake anauawa, naye ananyamaza tu. Akakataa. Akaenda kukopa pesa, akiweka vyombo vya nyumba yake kuwa rehani. Alisema baba yake, yule mulima nyanya, hangekuwa mutu wa namna hiyo. Sisi hatujui wangapi kati yetu wangeweza.

Mwaka 1959, yeye na Harry Belafonte na Jackie Robinson waliomba watu michango kusudi vijana wa Kenya wapelekwe kusoma Marekani, katika mupango wa Tom Mboya. Ndege ya kwanza ilichukua 81. Na mwaka 1964 alipata Oskari juu ya Lilies of the Field, mweusi wa kwanza kuipata kama muchezaji mukubwa mwanaume.

Mwaka 1967 zikatoka filme zake tatu kubwa. Hapo weusi wengine wakaanza kumusema: kila mara ni mutu mwema mno, msafi, hana kosa, kusudi wazungu wasiogope. Tunaona walikuwa na haki kidogo. Lakini waangalie In the Heat of the Night, pale tajiri muzungu anamupiga kofi na yeye anamurudishia papo hapo, bila kungoja.

Kisha akaongoza filme mwenyewe, na toka 1997 mpaka 2007 alikuwa balozi wa Bahamas kule Japani. Mweusi wa pili kupata Oskari ile, Denzel Washington, aliipata mwaka 2002 tu. Poitier alikuwa mule ndani usiku ule. Alikufa tarehe 6 Januari 2022, na miaka 94.

Mwenye kupata nafasi ya kuona moja tu, atafute To Sir, with Love. Mule ni mwalimu London, na kalasi yake ni mbaya kupita ya kwetu.