Je, Wajua? Stain, Albamu Isiyotajwa

Je, wajua kwamba Living Colour, bendi ya Wamarekani Weusi wanne kutoka New York, ilinyakua tuzo ya Grammy ya roki nzito mara mbili mfululizo, 1990 na 1991? Wengi huishia hapo. Albamu yao ya tatu, Stain (1993), haitajwi sana. Mwaka 1995 bendi ikavunjika, ikarudi 2000.

Kuisahau Stain ni hasara yetu! Mpiga besi mpya, Doug Wimbish, alikuwa amepigia rekodi za rapu za kampuni ya Sugar Hill. Katika albamu hii besi yake inanguruma na kukwaruza hadi unadhani ni mashine. Wimbo “Auslander” unahusu chuki dhidi ya wageni, mada isiyochakaa. Kama muziki wa metali hukuchosha, anza na “Nothingness”, wimbo mpole, kwenye spika za maana, si za simu.